Tulipoikimbiza Kompyuta ya Kaka Eli

Vumbi likiungua kwenye kifaa cha umeme lina harufu yake, na aliyewahi kuizoea hawezi kuichanganya na nyingine. Juzi niliwasha hita iliyokaa kabatini tangu baridi ya mwaka jana, harufu ile ikapanda, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshanyoosha kidole cha shahada kwenda kugusa chuma. Mume wangu akapiga kelele, "Utaungua wewe!" Nikacheka, nikakirudisha kidole. Kidole hicho kiliwahi kuajiriwa kwa kazi hiyohiyo, bila mshahara, na mwajiri wake alikuwa kaka yangu Eli.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, Arusha ikajaa vitu ambavyo hatukujua hata majina yake. Nguo za mitumba tulikuwa tumeshazizoea. Sasa zikaja televisheni za mitumba, majokofu ya mitumba, na mwishowe kompyuta. Baba alikuwa anafuata vipuri vya magari mpakani Namanga, na siku moja alirudi nyumbani kwetu Themi na kompyuta iliyoviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Aliiweka sebuleni, akasema ni ya Eli, akatoka. Mama alikuwa amefariki msimu wa kahawa uliotangulia, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nadhani Baba aliinunua ili kuwe na kitu kinachovuma.

Eli alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Mimi nilikuwa sijafika hata darasa la tatu. Kati yetu hapakuwa na mwingine, na tofauti ile kubwa ya umri ilimfanya awe kaka, mwalimu na wakati mwingine mtesi wangu. Alikuwa mtu wa kushughulika na kitu kimoja mpaka kikome. Mwaka ule kitu chenyewe kilikuwa kaseti ya Mama.

Kaseti hiyo Mama aliirekodi akiwa mzima, iwe salamu kwa mjomba, mdogo wake, aliyekuwa anasoma Ulaya. Watu wengi walifanya hivyo, maana simu ilikuwa ghali na sauti ina uzito kuliko maandishi. Mjomba aliisikiliza huko hadi mkanda ukachoka, na alipopata habari za msiba akaturudishia. Ndani yake Mama anazungumza kuhusu mvua, kuku, kahawa, na wagonjwa aliokwenda kuwaona hospitali ya Nkoaranga. Mwishoni kabisa ananiita. "Njoo," anasema. "Njoo umsalimie mjomba."

Sikwenda. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ninaiogopa ile redio ya kurekodia yenye taa nyekundu. Ndiyo maana kila kaseti ilipopigwa nyumbani, ikikaribia sehemu ile, niliziba masikio yangu kwa viganja na kuanza kuhesabu vigae vya sakafuni. Baba naye hakuwahi kuisikiliza. Eli akibonyeza tu kitufe cha redio, Baba alikumbuka kitu alichosahau kwenye gari.

Eli alinieleza mambo kama mtu mzima mwenzake. Mkanda unalika. Kila ukipigwa, sauti ya Mama inazama kidogo, na siku moja tutabaki na mvumo mtupu. Dawa ni kuiingiza kwenye kompyuta, kwa kuwa humo sauti haizeeki. Tatizo ni kwamba diski yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo sauti ilibidi ibanwe wakati uleule inapoingia, na mashine yetu haikuwa na mbio za kufanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Alipojaribu, maneno ya Mama yalitoka yana mapengo. Alikuwa anasema nusu neno, anapumua, anaruka, anasema nusu nyingine.

"Kaka, kwa nini Mama anahema?" nikauliza.

"Hahemi. Mashine ni mvivu."

Mimi nilijua kuhema kwa Mama. Ndivyo alivyozungumza tulipokuwa tunapandisha kwenda kwa Bibi, yeye na mzigo kichwani, mimi nyuma nikishika kitenge chake. Nikajiambia kwamba huko aliko kuna mlima.

Basi Eli akaazima gazeti la kompyuta kwa rafiki yake, la Kiingereza, limechanika jalada, na akalisoma kama Waraka kwa Warumi. Humo akajifunza kwamba waliotengeneza mashine huiuza kwa mwendo fulani, lakini ina nguvu ya akiba. Kwenye bodi kuna sindano nyembamba zilizosimama mbilimbili, nyingine zimevalishwa kofia ndogo za plastiki. Ukihamisha kofia kutoka sindano hizi kwenda zile, unaiamrisha mashine ikimbie kuliko ilivyoandikiwa. Gazeti lilionya pia kwamba unaweza kuiua. Sehemu hiyo Eli aliisoma kwa sauti ya chini.

Tulifungua kava siku ambayo Baba alikuwa safari. Skrubu tuliziweka kwenye kisosi. Eli alishika kwanza nondo za dirisha, akaniambia na mimi nishike, ili umeme wa miili yetu usije ukaunguza vitu vya ndani. Mimi kusikia tuna umeme mwilini nikazishika kwa mikono yote miwili. Kisha akachukua kibano cha Mama cha kung'olea nyusi, kilichokuwa bado kwenye mkebe wake wa mafuta, akaanza kuchomoa vikofia huku ulimi ukiwa nje. Nilimshikia tochi. Ndani kulikuwa na vumbi jingi la kijivu, la nchi ya watu, na lilikuwa na harufu.

Mara ya kwanza kioo kilibaki cheusi. Jasho lilimtiririka Eli mpaka kwenye kidevu. Akarudisha kikofia, akasoma tena, akagundua ameangalia mchoro akiwa amegeuza gazeti. Huyo ndiye aliyekuwa anasubiri kwenda chuo kikuu! Mara ya pili mashine iliwaka, na namba iliyoonekana juu ya kioo ilikuwa imepanda. Tuliruka tukapiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna nyoka.

Baada ya furaha ikaja joto. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha kompyuta, kulikuwa na bati nene lenye mapezi, la kuipoza. Eli aliweka feni ya mezani ikipuliza ndani ya kava lililo wazi, akanipa kazi. "Weka kidole hapa. Ukiona huwezi kuvumilia, sema."

Nikaweka. Lilikuwa vuguvugu, halafu likapanda taratibu, na nikakumbuka. Katika ugonjwa wake wa mwisho Mama alikuwa na homa isiyoshuka, na Baba, ambaye hakuweza kuingia chumbani bila kulia, alikuwa ananituma mimi. Kamguse mama yako kwenye paji la uso, uje uniambie kama bado ni wa moto. Nilikuwa ninakwenda, ninagusa, ninarudi na jibu. Sasa kazi ilikuwa ileile. Kwa akili yangu ya kitoto mambo yalijipanga yenyewe, wala sikuhitaji mtu wa kunieleza: Mama yumo, anapandishwa mlima, anakimbizwa, na homa imemrudia.

"Ni wa moto," nikasema.

Eli hakusikia vizuri. "Moto kiasi gani?"

Hatukufika kwenye jibu. Alikuwa ameingiza kile kipande cha mwisho cha mkanda tu, ili asiuchoshe wote, na alikuwa anakipiga ili asikie kama mapengo yameisha. Yalikuwa yameisha. Sauti ya Mama ilitoka nzima, imenyooka, kama yuko jikoni. Mikono yangu ilikuwa ndani ya kava, sikuweza kuziba masikio. Akasema, "Njoo," na mashine ikaganda.

Mnaozijua kompyuta za zamani mnajua zilivyokuwa zinaganda sauti ikiwa katikati. Haikatiki. Inashika pale ilipofika na kurudia. Njoo, njoo, njoo, njoo, kwa sauti ileile, bila kupumua, bila kusubiri. Kioo kilisimama. Eli alibonyeza hiki na kile, na Mama akaendelea kuniita, mpaka Eli aling'oa waya ukutani. Ukimya uliofuata nilihisi unanitazama.

"Imeganda tu," Eli alisema. Lakini uso wake haukuwa na rangi nzuri.

Alijaribu tena siku zilizofuata, na kila mara joto lilipopanda iliganda, mara nyingi palepale. Jioni ndiyo kabisa, maana watu wote wa Themi waliwasha taa na umeme ukafifia. Hapo akapata wazo. Tulikuwa mwezi wa saba, na huko juu kwa Bibi, Nkoaranga, ukungu wa Mlima Meru ulikuwa unashuka hadi kwenye migomba na kukaa mpaka karibu na saa sita mchana. Umeme ulikuwepo, kwa sababu nyumba ilikuwa jirani na hospitali. "Feni ya nini," Eli akasema, "na mlima mzima upo?" Tukapakia mashine kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa anapeleka mbolea, imezungushiwa lile blanketi.

Bibi, mzaa baba, alikuwa mama wa kanisa kwelikweli, mwenye kiti chake cha kudumu upande wa dirisha. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye blanketi.

"Mmeniletea nani?"

"Ni kompyuta, Bibi," Eli akamwambia. "Tunataka kuihifadhi sauti ya Mama. Tunaomba chumba cha baridi."

Chumba cha baridi kilikuwa kimoja, kile ambamo Mama alilazwa jeneza likiwa wazi, watu wakapita kumuaga. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala humo. Dirisha lake lilitazama migomba, na kwenye migomba kaburi lake, limezungushiwa masale, mimea ya majani marefu ya kupandwa makaburini, yaliyokuwa yameanza kushika. Bibi alisita na ufunguo mkononi. "Humo?"

"Ndimo kwenye baridi."

Asubuhi ya kwanza mashine ilikimbia vizuri, nikaanza kuamini kwamba Mama amepata nafuu. Kisha jua likapenya, bati likapata moto, na chumba kikajaa njoo, njoo, njoo. Bibi alitokea mlangoni na mwiko wa uji.

"Nani anamwita mtoto humu?"

"Hakuna, Bibi. Imeganda."

"Iliyoganda inaita?" Hakungoja jibu. Alinishika mkono akanitoa hadi jikoni, akafunga mlango. "Sikiliza. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Subiri uitwe mara ya pili. Na huyo wa kule ndani hata akiita mara mia, usiitike kabisa."

"Ni Mama."

Bibi alikoroga uji kwa muda mrefu. "Mama yako amepumzika, hana haja ya kukuita. Usiitike, mjukuu wangu. Ukiitika, utakuwa umekubali kwenda."

Baadaye nilimsikia akimwambia Eli kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba marehemu hakimbizwi. Eli alimjibu kwa heshima kuwa hakimbizi mtu, anakimbiza umeme. Bibi akaenda kaburini, akakata jani la sale, akaja kuliweka juu ya kava. Kwetu jani hilo ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa hata na adui yako, huwezi kumfukuza. Eli alilisogeza kando kidogo lisije likaangukia ndani, lakini hakuthubutu kuliondoa.

Usiku nililala mgongoni kwa Bibi nikiwaza. Niliogopa kufa, sitaki kuwadanganya. Lakini kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi ya woga. Mama aliwahi kuniita mara moja tu kwa ajili ya ile redio, nami nikajificha. Sasa yuko kwenye homa, anaita vilevile, na mimi naambiwa nijifiche tena.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka dirishani ulionekana mgomba wa kwanza tu. Eli alifungua madirisha yote, akahamisha kikofia cha mwisho, akasema leo ndiyo leo, tunaingiza mkanda wote. Waya wa kuunganisha redio na kompyuta hatukuwa nao, kwa hiyo aliweka maikrofoni mbele ya spika. "Mtu asikohoe," alisema. "Chochote kitakachosikika humu kitaingia." Bibi alikubali kwenda kukaa na kuku. Mimi nikaweka kidole changu.

Bati lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama akaanza. Hamjambo huko kwenye barafu, sisi hatujambo. Nyuma yake mvua ya siku ile ya zamani ilikuwa inapiga bati la paa, na juu yetu paa lilikuwa kavu. Akasimulia kuku, akasimulia kahawa. Kidole kilianza kupata vuguvugu. Eli alikuwa ameng'ang'ania kioo. Nje ukungu ulisogea, ncha za masale zikaonekana, zikapotea. Joto likapanda, likafika pale ambapo paji la uso la Mama lilikuwa linafika usiku, na nikajua kwamba tumekaribia pale, kwamba itaganda, na ataniita bila kikomo ndani ya chumba hiki, na safari hii mkanda, uliokwisha kulika, hautabaki.

"Njoo," Mama akasema. "Njoo umsalimie mjomba."

"Abee, Mama," nikaitika.

Eli aligeuka, macho yametoka, lakini hakuweza kutoa sauti. Mvua iliendelea kunyesha ndani ya redio. Mashine haikuganda. Kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia kilichokuwa baada ya mwito ule, ambacho sikuzote nilikuwa nimekizibia masikio. Mama alicheka kidogo, kicheko cha puani, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, mwanangu. Nenda kacheze."

Nikatoa kidole. Nikatoka nje kwenye ukungu, nikapita kaburini, nikacheza. Niliruka kamba ya kufungia mbuzi hadi nikachoka.

Niliporudi Eli alikuwa amekaa sakafuni na mkanda umejaa mapajani. Alikuwa ameurudisha mwanzo ili arekodi upya bila sauti yangu, na redio ikautafuna. "Umeharibu," aliniambia, na akalia kama mtoto, yeye mwenye ndevu. Bibi aliniuliza jambo moja tu: "Umeitika?" Nikasema nimeitika. Hakunigombeza. Alinipa maziwa, na kwa siku nyingi alikuwa ananigusa paji la uso, asubuhi na jioni, kila mara akiona ni la kawaida anashusha pumzi.

Eli alijaribu kunikata kwenye ile rekodi, akashindwa, kwa sababu abee yangu imeingia juu ya mvua, na kuitoa ni kutoa na mvua. Tuliporudi Themi akairudisha mashine kwenye mwendo wake wa zamani wakati wa kurekodi mambo mengine, akaikimbiza tu wakati wa kumsikiliza Mama. Siku moja aliipiga Baba akiwa ndani. Baba akainuka kama kawaida yake, akafika mlangoni na funguo za gari mkononi. Akasikia mwito, akasikia mtoto akiitika. Akasimama, akarudi, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Irudishe kidogo," alimwambia Eli. "Hapo mtoto anapoitika."

Eli amebadilisha kompyuta nyingi tangu wakati huo, na katika kila moja kitu cha kwanza kuhamia ni Mama. Siku hizi hakuna wa kumkimbiza. Hata simu ya mkononi inamtoa mzima bila kupata joto. Mwaka jana Eli alimpigia mjomba ile rekodi, mjomba ambaye alikuwa ameisikiliza kaseti ile huko ugenini hadi ikachoka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anatabasamu, anayatangulia maneno kwa midomo. Mwishoni midomo ikasimama.

"Hapo aliposema nenda kacheze," akasema, "hapo sipakumbuki. Mimi nakumbuka anakuita, kimya, mvua, basi. Mkanda unaisha."

Eli akasema mjomba amezeeka. Nilimuuliza Eli kama yeye aliwahi kuyasikia maneno hayo kabla ya siku ile ya ukungu. Akafikiri, akaanza kujibu, akaacha. Mkanda haupo, umetafunwa, na Bibi ambaye angekuwa na la kusema tulishamlaza kwenye migomba ileile. Kwa hiyo sibishani na mtu. Najua tu kwamba niliogopa kufa nikaitika, na niliyemwitika akaniruhusu niondoke. Wanangu wananicheka kwamba mama yao hana subira, kwa kuwa mtu akiniita, hata kutoka chumba ambamo simwoni, naitika mara ya kwanza.